Polisi wa mji wakikosea, tumbane nani: meya, jimbo au Washington?

Tarehe 4 Aprili 2022, katika mji wa Grand Rapids, Michigan, askari alimsimamisha Patrick Lyoya, kijana wa miaka 26 aliyeingia Marekani kama mkimbizi kutoka Kongo. Sababu ya kumsimamisha ilikuwa namba ya gari isiyolingana na gari lenyewe. Dakika chache baadaye Patrick alikuwa amelala kifudifudi, amepigwa risasi kisogoni. Siku 9 zilipita ndipo mji ukatoa video. Baba yake alipozungumza na waandishi wa habari alizungumza Kiswahili, mkalimani akiwa ubavuni pake, na wengi wetu tuliokuwa tukitazama hatukumhitaji mkalimani yule.

Baada ya mazishi huja swali ambalo nimelisikia kwenye misiba na vikao vingi vya jumuiya zetu: sasa twende kwa nani? Mmoja anasema tumbane meya, maana ndiye aliyetuomba kura. Mwingine anasema meya na polisi ni kitu kimoja, bora tuandike Washington. Wa tatu anataja Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na nusu ya waliokaa hawajawahi kumsikia. Mwisho watu hutawanyika bila uamuzi, na miezi inapita.

Makala hii ni ya watu hao. Sitakuambia njia moja ni bora kila mahali, kwa sababu si kweli. Nitaziweka zote tatu juu ya mizani ileile.

Kwanza, mfumo wenyewe

Aliyekulia Tanzania au Kenya amezoea polisi wa taifa. Juu yuko IGP mmoja, na amri hushuka kutoka kwake hadi kwa mkuu wa kituo. Meya wa Dar es Salaam hana askari polisi hata mmoja wa kumwamuru, na gavana wa Nairobi ni vilevile. Marekani ni kinyume. Kuna vyombo vya polisi kama 18,000, vingi vikiwa vya miji na kaunti, kila kimoja na mkuu wake, kanuni zake na mkataba wake na chama cha askari. Rais hamteui mkuu wa polisi wa mji wako wala hawezi kumfukuza.

Hata ndani ya miji yenyewe kuna tofauti inayowapoteza watu. Chicago na Minneapolis meya ana nguvu. Grand Rapids meya yupo, lakini shughuli za kila siku ziko kwa meneja wa mji, mtu wa kuajiriwa ambaye baraza ndilo humpa kazi. Ukitaka mfano wa karibu, mfikirie mkurugenzi wa jiji kule Tanzania, ila huyu ameajiriwa na madiwani. Ndiye anayemteua mkuu wa polisi, na ndiye aliyetangaza Juni 2022 kwamba askari aliyempiga risasi Patrick amefukuzwa kazi. Ukimpigia kelele meya wa mji wa namna hiyo, unampigia mtu asiye na kalamu. Na katika kaunti kuna sherifu, ambaye kwa kawaida huchaguliwa na wapiga kura moja kwa moja na hana bosi mwingine.

Jambo moja zaidi kabla hatujaendelea. Kesi ya jinai dhidi ya askari ni kitu mbali na kurekebisha idara. Kesi ya Grand Rapids ilivunjika Mei 2025 baada ya baraza la wazee wa mahakama kushindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akaamua kutoirudia. Wengi walidhani hapo ndipo kila kitu kimekwisha. Sivyo. Swali la jinsi idara inavyofunza, inavyosimamia na inavyoadhibu askari wake lina njia zake, na ndizo ninazozilinganisha hapa.

Tunapima kwa nini

Nimechagua vigezo vitano: nguvu ya kulazimisha, kasi, kudumu, nafasi ya mwananchi wa kawaida kusikika, na gharama.

Njia zenyewe ni hizi. Ya kwanza ni uongozi wa mji: meya, madiwani, meneja, na tume za raia zinazochunguza malalamiko. Ya pili ni serikali ya shirikisho kupitia Wizara ya Sheria. Baada ya askari wa Los Angeles kumpiga Rodney King mwaka 1991, na baada ya ghasia za mwaka uliofuata, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1994 inayoiruhusu Wizara kuishtaki idara nzima ya polisi yenye mazoea ya kuvunja haki za watu. Wizara huchunguza na kutoa ripoti, kisha mji na Wizara huandika makubaliano yanayowekwa chini ya jaji wa shirikisho, na msimamizi huru hukagua utekelezaji miaka kadhaa. Pittsburgh ulikuwa mji wa kwanza, mwaka 1997. Njia ya tatu ni jimbo, hasa Mwanasheria Mkuu wake au idara yake ya haki za binadamu, kwa utaratibu unaofanana na huo.

Nguvu ya kulazimisha

Nguvu ya uongozi wa mji utaijua kwa maswali matatu. Nani humwajiri na kumfukuza mkuu wa polisi? Nani hupitisha bajeti? Nani husaini mkataba na chama cha askari?

Swali la kwanza liliiumiza Los Angeles. Mwaka 1991 Meya Tom Bradley alimtaka mkuu wa polisi Daryl Gates aondoke. Gates alikataa, na meya hakuwa na la kumfanya, kwa kuwa cheo kile kilikuwa na ulinzi wa utumishi wa kudumu. Ilibidi wapiga kura wabadili katiba ya mji Juni 1992 ili mkuu wa polisi apewe muhula wa miaka 5 unaoweza kurudiwa mara moja tu. Chicago haikuwa na kizuizi hicho. Video ya Laquan McDonald, kijana wa miaka 17 aliyepigwa risasi 16, ilitolewa Novemba 2015, zaidi ya mwaka mzima baada ya kuuawa kwake. Haikupita hata wiki mbili Meya Rahm Emanuel akamfukuza mkuu wa polisi. Lakini ikumbukwe kwamba baraza la mji lilikuwa limeidhinisha fidia ya dola milioni 5 kwa familia tangu Aprili mwaka uleule, na umma ulikuwa bado haujaiona video. Meya mwenye nguvu ya kufukuza ana pia nguvu ya kunyamaza.

Swali la tatu ndilo watu wetu hulisahau zaidi, na ndilo linaloniuma. Mkuu wa polisi anaweza kumfukuza askari leo, chama kikakata rufaa kwa msuluhishi chini ya mkataba, na askari akarudi kazini na mshahara wa miezi yote aliyokuwa nje. Mimi ni mkalimani kwa kazi. Nimekaa kwenye kikao cha baraza kilichojaa hadi mlangoni watu wakilia kuhusu video, na miezi baadaye nimekaa kwenye ukumbi uleule mkataba wa askari ulipopitishwa. Tulikuwa sita, nikiwemo mimi na mlinzi.

Nguvu ya Washington ni jaji. Ferguson, Missouri, mji alikouawa Michael Brown Agosti 2014, baraza lilijaribu kubadili masharti ya makubaliano Februari 2016. Siku iliyofuata Wizara ikaushtaki mji mahakamani, na mwezi uliofuata baraza likayakubali makubaliano yaleyale. Hakuna kamati ya raia inayoweza kufanya hivyo. Ila nguvu hiyo inahitaji Washington inayotaka kuitumia. Desemba 2024 Wizara ilitoa ripoti kali kuhusu polisi wa Memphis, mji alikopigwa Tyre Nichols hadi akafa Januari 2023. Meya Paul Young hakukubali kusaini. Alisubiri, na Mei 2025 Wizara yenyewe, chini ya rais mpya, ikaufunga uchunguzi.

Jimbo nalo hutegemea ni jimbo gani. California, Illinois na Colorado Mwanasheria Mkuu ana uwezo wa kuishughulikia idara nzima. Aurora, Colorado, mji alikokufa Elijah McClain mwaka 2019, uko chini ya makubaliano na jimbo tangu 2021. Tennessee ilikwenda upande wa pili kabisa: baada ya kifo cha Tyre Nichols, madiwani wa Memphis waliwazuia askari kusimamisha magari kwa makosa madogomadogo, na mwaka 2024 bunge la jimbo likaifuta hatua hiyo. Kwa hiyo jimbo linaweza kuwa ngazi, linaweza pia kuwa ukuta.

Kasi

Hapa mji unawashinda wote. Breonna Taylor aliuawa nyumbani kwake Louisville Machi 2020, askari walipovunja mlango usiku wakiwa na hati ya upekuzi. Juni mwaka huohuo baraza la mji lilipiga marufuku hati za kuingia bila kubisha hodi. Ilichukua miezi mitatu.

Washington huenda kwa mwendo wa kinyonga. Uchunguzi wa Minneapolis ulitangazwa Aprili 2021, ripoti ikatoka Juni 2023, makubaliano yakasainiwa Januari 2025. Jimbo la Minnesota lilianza na kumaliza mapema zaidi: idara yake ya haki za binadamu ilifungua uchunguzi Juni 2020, siku chache baada ya George Floyd kuuawa na askari wa mji huo, ikatoa ripoti Aprili 2022, na mahakama ikaidhinisha makubaliano Julai 2023. Si haraka kwa mama anayesubiri, lakini Washington ilikuwa bado haijafika hata mezani.

Kudumu

Kigezo hiki nitakikalia zaidi, kwa sababu ndicho kilichobadilika sana mbele ya macho yetu.

Mwaka 2021 wapiga kura wa Minneapolis waliulizwa kama waivunje idara ya polisi na kuunda idara mpya ya usalama wa umma. Walikataa. Siku hiyohiyo walimrudisha Meya Jacob Frey na kukubali kumpa meya mamlaka zaidi juu ya idara zote za mji. Mtu aliyekuwa akitumaini mji wenyewe ungemaliza jambo alivunjika moyo, akahamishia matumaini Washington. Makubaliano ya shirikisho yalisainiwa tarehe 6 Januari 2025, wiki mbili kabla ya Rais Trump kuapishwa. Lakini jaji alikuwa bado hajayaidhinisha. Mei 2025 Wizara ikaomba kesi ifutwe, pamoja na ile ya Louisville, na kabla mwezi haujaisha jaji wa Minnesota akaifuta. Kazi ya miaka minne ikaanguka.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na wengi waliikumbuka methali hiyo siku ile. Hata hivyo mji wa Minneapolis haukubaki uchi. Makubaliano ya jimbo yalikuwa yameshaidhinishwa na mahakama ya jimbo, msimamizi huru alikuwa ameshaanza kazi, na meya alitangaza kwamba mji utatekeleza hata yale ya shirikisho kwa hiari yake. Ahadi ya meya ni ahadi ya meya. Amri ya mahakama ya jimbo ndiyo inayowashika.

Sasa uitazame Baltimore. Makubaliano yake yalisainiwa Januari 2017, siku chache kabla ya utawala kubadilika, kama ya Minneapolis. Wizara mpya iliomba muda. Jaji James Bredar alikataa kuchelewesha, akasikiliza wakazi, na akayaidhinisha Aprili 2017. Yaliendelea chini ya marais walioyapenda na wasioyapenda. Miji miwili, mwezi uleule wa Januari, na kilichoitenga mmoja na mwenzake ni saini ya jaji. Usisahau hilo ukisikia mtu anasema shirikisho halina maana tena: makubaliano yaliyokwisha kuidhinishwa hayafi kwa tangazo la waziri. New Orleans ulikaa chini ya jaji zaidi ya miaka 12. Seattle iliingia 2012 ikatoka 2025. Oakland, ambako kesi ililetwa na wananchi waliodhulumiwa wala si Wizara, imekuwa chini ya uangalizi wa jaji wa shirikisho tangu 2003.

Miaka mingi nayo si dalili ya afya kila mara. Cleveland ilishafanya makubaliano na Wizara mwaka 2004, yakafungwa baada ya muda mfupi, na miaka kumi baadaye askari wakamuua Tamir Rice, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa akichezea bastola ya bandia. Makubaliano mapya yakaja 2015. Safari hii wakazi hawakuachia hapo. Novemba 2021 walipiga kura wakaandika ndani ya katiba ya mji tume ya raia yenye kauli ya mwisho kuhusu nidhamu ya askari. Jaji akiondoka, tume inabaki. Meya akibadilika, tume inabaki. Kati ya yote niliyoyaona, hili ndilo ninaloliona kuwa jengo lenye msingi, ingawa tume yenyewe inahitaji watu wa kuilinda mwaka baada ya mwaka.

Nani anakusikia

Ukumbi wa baraza uko wazi kwa kila mtu, raia na asiye raia. Huna haja ya kadi ya kura kusimama na kusema. Lakini mara nyingi unapewa dakika tatu, na kwa anayezungumza Kiswahili dakika hizo ni ndogo kuliko zinavyoonekana. Nilisimama siku moja ubavuni mwa mama mmoja kwenye mji ambao sitautaja. Alianza kwa salamu, kama alivyolelewa, akawashukuru waheshimiwa kwa kumpokea. Nikatafsiri salamu. Akaeleza mwanawe ni mtoto wa ngapi. Nikatafsiri. Taa ya njano ikawaka. Alipofika kwenye usiku wa tukio taa ilikuwa nyekundu, na mwenyekiti akamshukuru kwa kuja. Hakuna aliyemkosea adabu. Saa ya ukutani tu haikuwa imehesabu kwamba kila sentensi yake inasemwa mara mbili.

Wachunguzi wa Wizara huja na kusikiliza kwa muda mrefu zaidi, nyumba kwa nyumba na kanisa kwa kanisa, na majaji huweza kuitisha vikao vya wakazi kutoa maoni kabla ya kuidhinisha. Makubaliano ya New Orleans yaliibana idara hata kuhusu lugha, ili wenye Kihispania na Kivietinamu wapate msaada wa tafsiri. Anayeishi katika mji wenye Wakongo na Warundi wengi, kama Louisville, ajue kwamba kipengele cha namna hiyo kinawezekana kuandikwa. Upungufu wa njia hii ni kwamba sheria ya 1994 haimpi mwananchi haki ya kushtaki kwa sheria hiyo. Wizara pekee ndiyo inayoamua kuja au kutokuja.

Chicago inaonyesha jinsi njia zinavyoweza kushikana mikono. Wizara ilitoa ripoti Januari 2017 kisha ikarudi nyuma. Vikundi vya wakazi vikashtaki. Agosti mwaka huo Mwanasheria Mkuu wa Illinois, Lisa Madigan, akaushtaki mji pia, na jaji akaidhinisha makubaliano Januari 2019. Vikundi vile vilipata nafasi rasmi ndani ya utekelezaji wake. Baadaye, mwaka 2023, wakazi walichagua kwa kura wajumbe 66 wa mabaraza ya polisi, watatu kwa kila wilaya ya polisi, jambo ambalo mji huo haukuwahi kuwa nalo.

Gharama

Kwa ufupi: msimamizi huru hulipwa na mji, si na Washington, na bili hufika mamilioni ya dola. Mafunzo, kompyuta na kamera za kifuani ni juu ya hapo. Wanaopinga usimamizi wana hoja wanaposema fedha hiyo ingeweza kwenda kwingine, na wana hoja pia wanaposema msimamizi naye anahitaji kusimamiwa. Detroit, mwaka 2009, msimamizi aliyewekwa na mahakama alilazimika kuondoka baada ya kugundulika alikuwa na uhusiano usiofaa na Kwame Kilpatrick, aliyekuwa meya wa mji uleule uliokuwa ukikaguliwa.

Lakini weka upande wa pili wa mizani dola milioni 27 ambazo Minneapolis iliilipa familia ya George Floyd mwaka 2021. Fedha hiyo haikutoka mfukoni mwa askari.

Njia ipi humfaa nani

Uongozi wa mji unawafaa wanaotaka jambo moja mahsusi na la haraka: aina fulani ya hati ifutwe, video zitolewe ndani ya siku kadhaa, ofisi ya malalamiko iwe na fomu ya Kiswahili. Unawafaa pia wenye subira ya kurudi ukumbini baada ya kamera za televisheni kuondoka. Haufai sana pale ambapo meya na madiwani wenyewe ndio waliokaa juu ya ushahidi.

Shirikisho linafaa pale uozo ulipoenea na uongozi wa mji ama hautaki ama hauwezi. Hufaa hata kwa meya mwenye nia njema aliyefungwa mikono na mkataba na siasa za ndani. Mitch Landrieu wa New Orleans aliialika Wizara mwenyewe mwaka 2010. Lakini usiitegemee peke yake wakati Washington imekwisha kusema haitaki kazi hiyo.

Jimbo linafaa pale sheria yake inapompa Mwanasheria Mkuu uwezo, na pale siasa za jimbo hazipigani na mji. Kwa miaka hii ningeiangalia njia hii kwanza kabla ya kuandika Washington.

Kulingana na hali yako

*Kama ni tukio moja, lako au la ndugu yako.* Usianze na Washington, kwa kuwa Wizara hutafuta mwenendo wa idara kabla ya kuchukua hatua ya namna tuliyoieleza. Andika tarehe, saa, mtaa, namba ya askari na majina ya mashahidi siku hiyohiyo. Omba kwa maandishi video ya kamera ya kifuani ihifadhiwe, maana video hufutwa baada ya muda. Peleka malalamiko kwenye ofisi ya raia kama mji unayo, ubaki na nakala. Kama una mashaka kuhusu makaratasi yako ya uhamiaji, zungumza na wakili kabla ya kujaza fomu yoyote.

*Kama matukio yanajirudia na meya anasikiliza.* Baki nyumbani. Jua mkataba wa chama cha askari unaisha lini, na ukumbi ujae siku hiyo kama ulivyojaa siku ya video. Kisha dai kinachowezekana kuandikwa kwenye katiba ya mji, kama walivyofanya Cleveland.

*Kama matukio yanajirudia na meya hasikilizi.* Uliza kama Mwanasheria Mkuu wa jimbo ana mamlaka ya kuishughulikia idara nzima. Jibu likiwa ndiyo, kusanyeni malalamiko ya watu wengi mahali pamoja, yenye tarehe, kabla ya kuomba miadi. Likiwa hapana, tafuteni mawakili wa kesi za pamoja, kwa kuwa Oakland ilifika mbele ya jaji bila ya kusubiri serikali yoyote.

*Kama mji wako tayari uko chini ya jaji.* Ripoti za msimamizi huwekwa hadharani. Soma sehemu ya matumizi ya nguvu na sehemu ya malalamiko, na uulize lini kikao kijacho cha mahakama. Mji ukiomba kuachiliwa, ndipo wakazi wanapohitajika zaidi, na ndipo huwa hawapo.

*Kama makubaliano ya mji wako yameanguka.* Ripoti ya uchunguzi haifutiki pamoja na kesi. Ipeleke kwa madiwani, ukurasa kwa ukurasa, uwaulize ni mapendekezo yapi wameyapitisha kuwa sheria ya mji.

Na wewe unayekwenda barazani na lugha yetu: andika maneno yako nyumbani, yatafsiriwe kabla, nakala apewe karani asubuhi ya kikao. Piga simu siku kadhaa mapema uombe muda wa mzungumzaji mwenye mkalimani uongezwe. Baadhi ya miji hukubali ukiuliza. Salamu iwe moja, fupi. Anza na usiku wa tukio. Mliokuja pamoja gawaneni habari, mmoja aseme kilichotokea, wa pili aseme mji ulijibu nini, wa tatu aseme mnachotaka na kwa tarehe ipi. Mama yule nilirudi naye mwezi uliofuata tukiwa watatu. Taa ilipokuwa nyekundu tulikuwa tumemaliza, na diwani mmoja alikuwa akiandika.